Aliyemlisha Mzishi wa Mfalme

Habari ilikuja kwa redio kabla watoto hawajaingia madarasani. Mtangazaji alitumia lile neno ambalo Watonga wa visiwani hawalitumii kwa kifo cha mtu mwingine yeyote ila cha mfalme, akalisema mara moja tu, kisha zikafuata nyimbo za kanisani. Latai, mwalimu wa darasa la tano, alikuwa amesimama mlangoni na chaki mkononi. Ng'ambo ya ua wa shule alimwona mama mmoja anaanua nguo nyekundu kambani kwa haraka, kama mtu aliyeona mvua inakuja.

Mwalimu mkuu, Bibi Meleane, alitoka ofisini akilia. Alikuwa mama mnene, mwema, mwenye wasiwasi na kila jambo, kuanzia choo cha watoto hadi kofia ya mkaguzi.

"Latai, bendera," alisema. "Shusha wewe. Mimi sioni kwa machozi."

Bendera ilikuwa bado haijapandishwa. Latai aliifunga kwenye kamba, akaivuta mpaka ikagota kapi juu kabisa, akaiacha itulie, ndipo akaanza kuishusha taratibu hadi nusu mlingoti.

"Mwalimu, mbona umeipandisha kwanza?" mtoto mmoja aliuliza.

"Lazima ifike juu ndipo ishuke. Haianzii katikati."

Alipofunga fundo na kugeuka, aliwakuta walimu wenzake wote wamesimama kibarazani wanamtazama. Alijua wanatazama nini. Mwaka uliotangulia watumishi wa serikali walikuwa wamegoma, walimu wakiwa mbele, na Latai alikuwa mmoja wa waliopanda juu ya lori kwenye uwanja wa mji mkuu, Nuku'alofa, na kushika kipaza sauti. Alisema mengi siku ile juu ya nani anatawala na nani anaulizwa. Katika kusema akalitaja jina la mfalme kavu kavu, bila neno la heshima mbele wala nyuma, kama anavyotajwa jirani. Maneno yakarushwa redioni moja kwa moja.

Baba yake, Uikelotu, aliyasikia akiwa ndani ya teksi yake na abiria kiti cha nyuma. Abiria alicheka. Uikelotu akasimamisha gari, akamwomba ashuke, akarudi nyumbani, akaukunja mkeka wa kulalia wa binti yake na kuuweka nje ya mlango. Hakupiga kelele. Tangu hapo Latai aliishi kwa shangazi yake Kalolaine, dada mkubwa wa Uikelotu, na baba na binti hawakusemezana tena. Wakikutana barabarani, teksi ilipita tu.

Mji ulibadilika rangi ndani ya siku mbili. Nyua na nguzo zilifungwa vitambaa vyeusi na vya zambarau, na duka la vitambaa likabaki na vya maua maua peke yake. Kila mtu alivaa nyeusi na juu yake mkeka wa kiunoni, na wale wa daraja la chini mbele ya marehemu wakavaa mikeka mikubwa, mikuukuu, iliyochakaa kingo. Muziki ulikatazwa, na mbio za magari, na hata wanawake waliokuwa wakigonga magome ya miti kutengenezea vitambaa vya asili waliweka magongo chini. Mji mzima ulikaa kama nyumba yenye mgonjwa. Majogoo tu ndiyo hayakuambilika.

"Baba yako ataitwa," shangazi Kalolaine alisema jioni moja, akiwa anakunjua mkeka wake wa msiba ulionusa kafuri.

Latai alijua. Ukoo wao ndio ukoo wa wazishi wa wafalme. Mwili wa mfalme hauguswi na mtu mwingine yeyote. Wanaume wa ukoo ndio wanaouosha, wanaouvisha, wanaoulaza kaburini, na wakishaugusa mikono yao huwa mitakatifu. Haishiki tena kitu, iwe kikombe au kijiko au mlango, mpaka siku ya kuoshwa. Hukaa pale makaburini wanalinda, na hulishwa. Uikelotu aliwahi kumsimulia Latai, zamani walipokuwa wanaongea, jinsi alivyomwona babu yake analishwa na bibi yake kama kifaranga, na jinsi lile babu lenye sauti ya kutisha lilivyokuwa linafumba macho kwa haya.

Siku ya maziko Latai alikaa chini pembeni mwa barabara na watoto wa darasa lake, wote wenye nguo nyeusi, miguu wameikunja, kwa kuwa hakuna anayesimama mfalme anapopita. Wabebaji walikuwa wengi hata watoto wakachoka kuwahesabu. Nyuma ya jeneza, katikati ya wanaume wenye mikeka iliyochakaa, alimwona baba yake. Alikuwa amekonda. Alitembea mikono ameinyoosha mbele kidogo, viganja vimetazama juu, kama mtu aliyebeba kitu ambacho wengine hawakioni. Hakumtazama mtu.

Siku ya pili baada ya maziko shangazi alimwita Latai jikoni.

"Baba yako hali," alisema.

"Wanawake wa ukoo si wapo?"

"Wapo. Wana waume zao wa kuwalisha. Jana mke wa Hopoate alimlisha baada ya kumaliza na mumewe, na unamjua mke wa Hopoate, anashindilia kama anajaza gunia. Leo asubuhi baba yako amesema ameshiba. Ameshiba nini?"

Mama yake Latai alikuwa amefariki miaka mingi. Kaka zake wawili walikuwa ng'ambo, Auckland, wakifanya kazi kiwandani, na tiketi walizopata zilikuwa za mwezi uliofuata. Shangazi mwenyewe asingeweza: ndugu wa kiume na wa kike wakishakua hawakai hata chumba kimoja, sembuse kulishana.

"Utaenda wewe," shangazi alisema.

"Mimi, shangazi? Mtoto hagusi kichwa cha baba yake. Hali hata makombo yake. Halafu baba hanitaki."

"Kichwa hutakigusa. Utachukua kijiko kirefu. Makombo utawapa nguruwe. Na kama hakutaki, hilo mtaongea nyinyi wawili, au msiongee. Nimekuuliza kama unapenda?"

Katika Tonga shangazi akishasema, limesemwa. Hata Uikelotu mwenyewe, mzishi wa mfalme, mbele ya dada yake mkubwa alikuwa mtu wa kuitikia. Latai alichukua kikapu.

Wazishi walikaa kwenye kibanda kirefu cha makuti ndani ya ua wa makaburi ya kifalme. Wanaume walikuwa wamekaa safu moja juu ya mikeka, mikono mapajani, na mbele ya kila mmoja mwanamke na chakula. Uikelotu alikuwa mwisho wa safu, mbele yake pako wazi. Latai alipiga magoti pale, akafungua kikapu, akatoa kiazi kikuu na samaki wa tui.

"Shangazi amenituma," alisema.

Uikelotu aliinua nyusi, ishara ambayo kwao maana yake ni ndiyo, akafumbua mdomo.

Kulisha mtu mzima si kazi nyepesi kama inavyoonekana. Kijiko cha kwanza kilikuwa cha moto mno, akakimeza huku machozi yanamtoka. Cha pili kilikuwa na mwiba. Tui lilimchuruzika kidevuni, naye Latai akabaki ameshika kitambaa hewani, hajui kama kidevu ni sehemu ya kichwa.

"Kidevu ni shingo," alisema Hopoate, binamu yake Uikelotu, mtu mcheshi hata msibani, mdomo wake mwenyewe umejaa muhogo. "Mpanguse, mwalimu. Tukiulizwa tutasema ni shingo."

Wanawake wakacheka wakiwa wamefunika midomo. Uikelotu hakucheka, lakini alikisogeza kidevu mbele kidogo, na Latai akampangusa.

Basi ikawa hivyo asubuhi na jioni. Hawakuongea. Nyusi zikipanda, aongeze. Macho yakielekea kwenye kifuu, maji. Latai alijifunza kwamba baba yake hutafuna upande wa kushoto tu, kwamba hapendi samaki achanganywe na kiazi kwenye kijiko kimoja, na kwamba nzi akimtua usoni hutulia kabisa mpaka yeye Latai amfukuzie. Miaka yote aliyoishi naye hakuwahi kumtazama usoni muda mrefu hivyo. Wakati mwingine alihisi hasira zake za mwaka mzima zimekosa pa kukaa, maana mtu unayempulizia uji huwezi kumkunjia uso sawasawa.

Jumatatu shule ikafunguliwa tena. Latai alikuwa anatoka kumlisha baba yake, yuko ndani ya basi, alipoiona bendera ya shule kwa mbali. Ilikuwa juu kabisa, inapepea. Chini ya mlingoti alisimama Bibi Meleane, kamba mkononi, anaikaza.

Alidhani labda tangazo la kurudisha bendera juu limetoka. Lakini bendera ya kituo cha polisi ilikuwa nusu, na ya posta nusu, na ya benki nusu.

Kabla ya mapumziko sajini alikuwa amefika. Walimu walikusanywa kibarazani.

"Nani kaipandisha?" sajini aliuliza. "Mfalme hajakaa wiki kaburini."

Kisha kichwa kimoja kikageuka, na cha pili, na baada ya muda vyote vilikuwa vimemwelekea Latai. Bibi Meleane alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mwalimu Latai," alisema sajini, "wewe tunakufahamu."

"Sikuipandisha mimi."

"Nani basi?"

Latai alimtazama mwalimu mkuu. Alisubiri. Mtoto mmoja ndani ya darasa alikuwa anasoma kwa sauti na kukosea neno lile lile mara kwa mara. Bibi Meleane hakuinua uso.

"Aliyeipandisha atasema mwenyewe," Latai alisema.

"Unaona? Huo ndio ukaidi wenu. Nenda ukaishushe, halafu kesho uje kituoni."

Akaenda, akaishusha mpaka nusu, walimu wote wakimtazama, na hakuna aliyesogea kumsaidia na kamba iliyokuwa imejisokota.

Jioni alifika makaburini na majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui na nyama ya kopo, chakula ambacho baba yake hakuwahi kukikataa. Alijua kabla hajapiga magoti kwamba habari imemtangulia. Mke wa Hopoate alimpisha kwa kuvuta sketi yake, kama anayepisha tope.

Alichota, akapeleka kijiko. Mdomo wa baba yake ulikuwa umefungwa.

"Baba, kula."

Uikelotu alikuwa anatazama juu ya bega la binti yake, kule lilikokuwa kaburi lenye mchanga mpya. Hakuweza kumsukuma kwa kuwa mikono haikuwa yake, wala kuondoka. Alichoweza ni kufunga mdomo, akaufunga.

"Hujala tangu asubuhi."

Latai alishika kijiko pale mpaka mkono ukaanza kumuuma. Tui likaganda. Akarudisha chakula kikapuni, akainama kama inavyopasa, akatoka. Hakulia mpaka alipopita lango, na hata hapo hakulia sana.

Nyumbani shangazi alimwuliza jambo moja tu.

"Nani kaipandisha?"

"Si mimi, shangazi."

"Sikuuliza nani hakuipandisha."

Shangazi hadanganywi. Latai akamwambia. Mabega ya Kalolaine yakaanza kutikisika, na Latai akatambua anacheka bila sauti, kwa kuwa kucheka kwa sauti kulikuwa kumekatazwa.

"Meleane! Yule anayeogopa mpaka kengele ya shule yake! Kilimpata nini?"

"Sijui."

"Nenda ukamwulize."

Nyumba ya Bibi Meleane haikuwa mbali. Alimkuta sebuleni mbele ya picha ya mfalme iliyozungushiwa kitambaa cha zambarau, macho yamevimba.

"Sikuja kugombana," Latai alisema. "Nimekuja kukwambia kwamba baba yangu amekataa kula."

Mwalimu mkuu alijifunika uso. "Mwanangu yuko Auckland. Alinipigia simu Jumapili, akaniambia Uingereza mfalme akishazikwa, kesho yake bendera hurudi juu. Nikaogopa tutakuwa wa mwisho. Nikaogopa mkaguzi atapita. Nikasema niipandishe mapema, mwenyewe, isije ikaonekana shule yangu haijui."

"Na sajini alipouliza?"

"Ulimi ulikufa, Latai. Na wote walikuwa wanakutazama wewe. Ilikuwa rahisi." Akaondoa mikono usoni. "Hajala kabisa?"

"Tangu asubuhi."

Latai aliaga, akaondoka.

Asubuhi alipofika makaburini na uji wa ndizi, alikuta watu wamesimama langoni. Bibi Meleane alikuwa ameketi chini, juu ya changarawe, amevaa mkeka mkuukuu uliochanika unaomfikia karibu kifuani, na majani shingoni, kichwa ameinamisha, kama anavyoketi mtu aliyekuja kuomba radhi. Alikuwa ametoka kituo cha polisi. Sajini, baada ya kumsikiliza, alikuwa ameuliza tu, "Uingereza?" kisha akamwambia aende nyumbani. Hakwenda nyumbani.

Uikelotu alitolewa nje ya kibanda, wenzake wakimfungulia njia. Alisimama mbele ya yule mama na mikono yake ya kifalme mbele yake.

"Ni mimi niliyeipandisha bendera," Bibi Meleane alisema na uso chini. "Binti yako alijua, akanisitiri. Nisamehe."

"Inuka, mwalimu," Uikelotu alisema. "Tafadhali inuka. Unanitia aibu, siwezi hata kukushika mkono."

Hakuinuka mpaka Hopoate alipomwita mkewe, na mke wa Hopoate, mwenye nguvu za kushindilia magunia, akamnyanyua kwa makwapa. Kisha yule yule mke wa Hopoate akaja kumpokea Latai kikapu, akakibeba hadi ndani, bila kumtazama.

Latai alipiga magoti mahali pake. Baba yake aliketi. Uji ulikuwa unapoa.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza katika mwaka mzima kumsemesha.

"Ulifunga mdomo wako kabla mimi sijafungua wangu."

Nzi alimtua Uikelotu kwenye paji la uso; Latai akamfukuza.

"Nilipaswa kujua," baba yake alisema. "Mwaka jana ulipotaka kusema, ulipanda juu ya lori ili nchi nzima ikuone. Wewe si mtu wa kuvuta kamba alfajiri halafu ukajificha."

"Na yale niliyosema bado nayasema, baba."

"Najua."

"Jina lake ningelitaja vizuri zaidi. Hilo nakubali. Mengine yote yako pale pale."

Hopoate, kando yao, aliacha kutafuna. Uikelotu aliangalia viganja vyake vilivyolala mapajani. Alikuwa ameushika mwili wa mfalme kwa viganja hivyo, ameufunga vitambaa, na hakumsimulia mtu yeyote jinsi ulivyokuwa, wala hangemsimulia. Binti yake hakuuliza.

"Lete uji," alisema. "Usipulize sana, napenda ukiwa moto."

Mikono ilioshwa siku iliyopangwa, kwa maji na maneno ambayo Latai hakuruhusiwa kuwa karibu ayasikie. Aliambiwa baadaye na Hopoate kwamba baba yake, alipopewa kikombe, alikitazama kwanza, kisha akakishika kwa mikono yote miwili na kumwaga nusu kifuani. Keshoye alirudi kwenye teksi yake, kitambaa cheusi kimefungwa kwenye kioo.

Hakumwambia binti yake arudi nyumbani, naye Latai hakuomba. Alikuwa amezoea kwa shangazi, na shule ilikuwa karibu zaidi. Lakini Jumapili, baada ya ibada, teksi ilisimama mbele ya nyumba ya Kalolaine. Shangazi, kwa kuwa ndugu yake wa kiume anaingia, alijiondokea kwenda chumba cha nyuma na kufunga mlango, na Latai akatandika mkeka, akaweka shelisheli na pweza mbele ya baba yake. Uikelotu alikula kwa mkono wake mwenyewe, polepole, upande wa kushoto.

Aliposhiba alisema kwamba bunge, kwa maoni yake, lilikuwa linafanya kazi vizuri jinsi lilivyo.

Latai akasema hilo ni jambo ambalo mtu anaweza kulisema kama hasomi magazeti.

Wakagombana mpaka kivuli cha nyumba kikafika barabarani, juu ya wabunge, juu ya waheshimiwa wanaopata viti kwa kuzaliwa, juu ya nani aulizwe nini. Kwa kuwa mji ulikuwa bado msibani na sauti kubwa ilikuwa imekatazwa, waligombana kwa kunong'ona, vichwa vimekaribiana, kila mmoja akipiga mkeka kwa kidole anapotaka kukazia neno. Watoto wa jirani waliopita walidhani wanasali, wakainamisha vichwa, wakapita kwa adabu.